Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Kilimo Hai na Nani Abebe Gharama Yake

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina, na habari za ghala katibu anazo. Mimi nitazungumzia jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima hapa kwenye miteremko ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda: kwa nini mkulima wa kahawa anayekitaka kilimo hai, yaani kilimo kisicho na dawa wala mbolea za viwandani, anachelewa kukiingia, au anaingia kisha anatoka.

Wapo wanaosema wakulima hawajaelimishwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Mafunzo yamefanyika Kyondo, Kyarumba, Kisinga mpaka Bwera, na watu walijaa. Mama mmoja wa Kyarumba alituonyesha lundo lake la mboji. Alichomeka kijiti kirefu katikati, akangoja kidogo, akakichomoa, akatupa tukishike. Kilikuwa cha moto hata tukawa tunakihamisha mkono huu kwenda huu. "Likipoa nalipindua," akasema. Huyo hahitaji semina nyingine. Anahitaji mtu wa kumsaidia kuipandisha mboji ile hadi kwenye mibuni iliyo juu mlimani, maana mume yuko kazini Kasese mjini na watoto wako shule.

Hapo ndipo penye shida. Kupalilia ekari moja ya kahawa kwa jembe kunataka vibarua na siku kadhaa. Dawa ya magugu, kwa bomba la mgongoni, inamaliza kazi hiyo asubuhi moja. Mkulima anayeinunua anajua inaufanyia nini udongo, ila vibarua wa kulipa hana. Na mzigo wa jembe mara nyingi unamwangukia mwanamke, wakati jina lililo kwenye daftari la chama, na pesa za kahawa, ni la mume. Tukiuliza kama "familia" iko tayari kwa kilimo hai, tumuulize kwanza huyo anayeinama shambani.

Kisha kuna muda wa kungoja. Soko la Ulaya linadai miaka mitatu ya mpito kwa mazao ya kudumu kama kahawa, na miwili kwa mazao ya msimu. Katika muda huo dawa umeacha, mavuno yanaweza kushuka kabla udongo haujapata nguvu, na kahawa yako inauzwa bei ile ile ya jirani. Kijana aliyekodi shamba kwa msimu mmoja atawekaje samadi kwenye ardhi ambayo mwakani mwenyewe ataichukua? Vijana wetu walinieleza hivyo bila kificho, na nawapa haki yao.

Mwaka huu bei nayo ilitutikisa. Mwezi Februari kahawa ya arabika katika soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili, bei ambayo soko hilo halikuwa limeiona. Tulifurahi, na tulistahili kufurahi. Lakini bei ya kawaida ikipaa hivyo, nyongeza ya kilimo hai inamezwa. Kwa wenye cheti cha Fairtrade, yaani biashara ya haki, nyongeza ya kahawa hai mwaka huu ilikuwa senti 40 za dola kwa ratili. Bei ikiwa dola 1.80, hizo ni fedha za maana. Ikifika dola 4, mkulima haoni sana sababu ya kuhangaika na mboji. Wachuuzi walifika mpaka barazani na pesa taslimu, wakachukua drugar, yaani kahawa inayokaushwa na maganda yake, hata haijakauka vizuri, bila kuuliza ilikuzwaje. Chama kinalipa kwa awamu mbili, na mwenye ada ya shule ya kulipa Jumatatu hawezi kungoja awamu ya pili. Wengine walikuwa wameshauza tangu mibuni iko kwenye maua, kwa sababu mtoto aliugua. Sitamwita mtu huyo msaliti wa chama. Chama ndicho kinachopaswa kuwa na mfuko wa kumkopesha kabla hajafika kwa mchuuzi.

Kuhusu cheti cha kilimo hai. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2018/848 imebadilisha mengi. Zamani cheti kilikuwa mali ya kampuni inayonunua, na sisi tulikuwa majina kwenye orodha yake. Sasa kikundi lazima kisajiliwe kisheria, kiwe cha wakulima wenyewe, kisizidi wanachama 2,000, kiwe na mfumo wa pamoja wa kuuza, na wakaguzi wake wa ndani wamfikie kila mwanachama kila mwaka. Karatasi ni nyingi, nakiri, na zimetuchosha. Hata hivyo mimi naipokea sheria hii kwa mikono miwili, kwa sababu cheti kikiwa chetu, anayetaka kahawa yetu atakaa mezani na sisi tuzungumze bei.

Ukaguzi wa ndani uligundua mambo ambayo lazima niyaseme hapa mbele yenu. Magunia yaliyokuwa na mbolea ya viwandani yalikutwa yamejazwa kahawa iliyokaushwa kwa jasho. Wenzangu, gunia moja la namna hiyo linaweza kuharibu mzigo wa kijiji kizima. Nyumba nyingine ilikuwa na bomba la kupulizia limening'inia jikoni. Mwenyewe alisema ni la mahindi tu, lakini shamba la mahindi liko juu ya mibuni, na mvua ikinyesha maji yanateremka. Kwa wenye majirani wanaopulizia, pandeni mabingobingo mpakani, na nendeni mkaongee na jirani huyo kwa heshima, mkiwa na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ikibidi. Tukumbuke wilaya za Apac na Oyam, kaskazini mwa nchi, mwaka 2008, dawa ya wadudu ya DDT ilipopuliziwa majumbani kupambana na malaria. Wakulima wa mazao hai kule waliona soko lao likitetereka, ilhali wao hawakupulizia chochote shambani.

Serikali ina sera ya kilimo hai tangu 2019, na alama ya Kilimohai ya Afrika Mashariki, inayobandikwa kwenye mazao hai, ipo tangu 2007. Ni hatua nzuri. Ila katika soko la Mpondwe, mpakani na Kongo, bado ni vigumu kukuta fungu la maharage au mkungu wa ndizi wenye alama hiyo, na wanunuzi wa pande zote mbili za mpaka wapo. Kamati inataka tuanze huko, kwa utaratibu wa wakulima kukaguana wenyewe, ambao gharama yake ni ndogo kuliko kumleta mkaguzi kutoka nje.

Kwa mwaka ujao kamati inaleta kwenu mapendekezo ya kupigia kura. Kila kijiji kiwe na kikundi cha kulima kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na zamu ya kwanza iwe ya wajane na wagonjwa. Mume na mke waandikwe wote wawili kwenye daftari. Waliopata shilingi milioni moja za PDM, mpango wa serikali wa kukopesha kaya, na kununua mbuzi, nao ni wengi, wakubaliane na wenzao wasio na mifugo jinsi ya kuuziana samadi kwa bei ya kijiji. Na sehemu ya nyongeza ya bei ya msimu huu iwekwe kando kuwasaidia walio katika miaka ya mpito. Najua hili la mwisho litaleta ubishi, hasa kwa waliokwisha kupita miaka hiyo bila msaada wa mtu. Nawaomba mlijadili leo, kabla hatujafunga kikao.

Nafasi za wakaguzi wa ndani ziko wazi kwa vijiji vya juu, na tunahitaji wanawake zaidi. Anayejitolea aandikishe jina kwa katibu kabla ya kuondoka, kwa maana mafunzo yao yataanza kabla ya mavuno.