Eabegi za magari ya mitumba zikaguliwe

Ndugu Mhariri,

Mtu akinunua gari la mtumba kutoka Japani huulizia kilomita, injini na AC. Eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, haimo kwenye maswali. Akiona herufi SRS, alama ya eabegi, kwenye usukani anaridhika.

Asiridhike mapema. Kampuni ya Takata iliwauzia Toyota, Honda, Nissan, Mazda na wengine eabegi zinazojazwa kwa nitreti ya amonia, kemikali inayotumika pia kulipulia miamba migodini. Ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu huharibika. Siku gari likigonga, kikopo cha chuma kinachoshika kemikali hiyo hupasuka na vipande humrukia dereva usoni na shingoni. Marekani peke yake ziliagizwa kubadilishwa takriban milioni 67, na zimeua watu zaidi ya 20 nchini humo. Hatari ilionekana kubwa zaidi Florida na majimbo mengine ya joto na unyevu. Sasa hiyo si hewa ya Tanga, Dar na Mtwara?

Tangu 2018 Japani inalinyima cheti cha ukaguzi gari lenye eabegi hizo ambalo halijabadilishiwa. Mwenye gari huko ama alipeleke likatengenezwe, ama aachane nalo. Na magari wanayoachana nayo Wajapani tunajua yanakokwenda.

Naliomba Shirika la Viwango Tanzania (TBS) namba ya chesisi ya kila gari itafutwe kwenye orodha za watengenezaji za magari yanayotakiwa kubadilishiwa eabegi, ambazo zipo wazi mtandaoni. Kama inafanyika tayari, basi majibu yaandikwe kwenye karatasi anayopewa mnunuzi.

Kuna na la mafundi wetu. Ukiwasha swichi, taa ya eabegi kwenye dashibodi inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, mwenzangu, huenda kuna mtu kaichomoa ili usiulize maswali.

Wapo pia wanaopitisha mkanda nyuma ya mgongo ili alamu inyamaze, eti eabegi inatosha. Eabegi hufumuka kwa kasi ya kupepesa jicho. Asiyefunga mkanda huikuta akiwa ameshaurukia usukani, nayo humpiga badala ya kumpokea. Abiria wa nyuma ndiyo kabisa: kwenye teksi nyingi mikanda yao imefukiwa chini ya makava ya siti. Wenye teksi waitoe, ni kazi ya dakika chache.

Msomaji wenu,
Kigamboni, Dar es Salaam