Kodi imepanda: tuhamie Chanika au turudi Morogoro?

Shangazi, shikamoo.

Ninaishi Sinza, Dar es Salaam. Tumepanga chumba na sebule, mimi, mume wangu na watoto watatu. Kodi ilikuwa Sh200,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba ametuambia kuanzia Julai ni Sh280,000, na anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Hiyo ni Sh1,680,000, nasi hatuna. Mtaa umewekwa lami, wapangaji wa kutoa kodi hiyo wapo.

Mume wangu anataka twende Chanika, pembezoni mwa jiji. Kule kwa Sh120,000 tunapata nyumba nzima ya vyumba vitatu. Lakini yeye ameajiriwa dukani Kariakoo. Jirani yetu aliyehamia huko huondoka kabla ya adhana ya alfajiri, akirudi watoto wamelala, na kodi aliyookoa inaishia kwenye daladala na bodaboda. Mimi nami ni fundi cherehani, wateja wangu wote ni wa hapa hapa. Nani atapanda magari mawili kuleta gauni la kupunguza?

Mimi nawaza Morogoro, kwetu. Watu wananiambia siku hizi kuna treni ya umeme, mume ataenda na kurudi. Nimepiga hesabu: treni ilipoanza Juni 2024, daraja la kawaida lilikuwa Sh13,000. Kwenda na kurudi Sh26,000, kwa siku 26 za kazi ni Sh676,000. Mshahara wake haufiki hapo! Kwa hiyo itabidi abaki Dar wiki nzima, achangie chumba na mwenzake, aje Jumamosi usiku. Nimeona ndoa zikipoa kwa mtindo huo, na ninaogopa sana.

Halafu binti yetu mkubwa yuko darasa la saba, mtihani ni Septemba na ameshasajiliwa shule ya hapa. Dada yangu wa Manzese yuko tayari kukaa naye mpaka amalize, ila baba yake hataki kusikia habari ya watoto kutenganishwa.

Shangazi, nishauri, na wasomaji waliohama kwa ajili ya kodi wanisaidie. Yupo aliyemwomba mwenye nyumba alipe miezi mitatu mitatu akakubaliwa? Alimwendeaje? Na akina mama mliokwenda mkoani mkamwacha baba Dar, mliishije? Tunatakiwa kutoa jibu mwisho wa mwezi huu.

Mama wa watatu, Sinza