Neno lile usilirudie

Goma, Siku ya Mungu, 29 Juni 2025

Mwanangu,

Tumsifu Yezu Kristu.

Mkubwa wako, yaya yako, alinisomea ujumbe wako jana jioni, nikiwa nimekaa pale mlangoni navua viatu vya kazi. Alitaka kuruka mstari mmoja, nikamwambia asome yote. Kwamba Jumanne unavuka Kasumbalesa kuingia Zambia, na ukifika huko utaona pa kwenda, hilo halikunishangaza. Miguu yako tunaijua. Kilichoninyima usingizi ni maneno ya mwisho: eti tusikuombee tena Misa, Mungu alishakuchoka.

Neno lile, mwanangu, usilirudie.

Mambo ya bohari sitayachimbua. Unga ulikuwa na wadudu, ukautilia sahihi, ukapokea dolari 60. Hata bei yenyewe iliniuma. Sahihi ya mtoto niliyemlipia minerval, karo ya shule, kwa kupasua mawe, tena mwandiko mzuri kuliko wa mapadri wengi wa parokia yetu, kuuzwa dolari 60! Haya, nimesema sitachimbua.

Umesikia bila shaka kwamba tarehe 15 mwezi huu Floribert Bwana Chui ametangazwa mwenyeheri kule Roma. Kijana wa hapa hapa Goma, aliyekataa pesa ili chakula kilichoharibika kisifike sokoni, wakamwua Julai 2007. Alikuwa na miaka 26. Miaka yako. Siku tuliyomshukuru Mungu parokiani, akina mama wanapiga vigelegele, mimi niliinamisha kichwa nakulinganisha naye, kama mtu anayepima jiwe kwa jiwe. Mama yako aliona. Akanigonga kwa kiwiko, akaniuliza katika ukoo wetu mimi nimehesabu akina Floribert wangapi. Sikuwa na jibu. Lakini Floribert hakuwekwa altareni ili wewe uikimbie altare, hilo ningetaka ulishike.

Unanijua, miaka 22 ya ukatekista, kila kitu nakigeuza mafundisho. Basi nivumilie na hili moja. Watoto niliowafundisha Nabii Yona wote wanamkumbuka samaki. Hata mimi nilikuwa naishia kwa samaki, tunaimba, tunakwenda nyumbani. Lakini kitabu kina sura 4, na samaki anamaliza kazi yake katika ya pili. Juzi usiku umeme ulipokatika nilisoma ya nne kwa tochi ya simu. Nakuambia, mle ndani kila kitu kinatii. Upepo unatii, samaki anatii, yule mdudu mdogo anayetafuna mmea wa kivuli anatii, hata ng'ombe wa Ninawi wanavikwa magunia na kufunga chakula. Asiyetii ni mmoja tu, na ndiye mtu wa Mungu.

Na anatumwa mara ya pili kazi ile ile. Mungu hamtajii mashua, hamdai nauli ya Tarshishi. Anamwambia tu ondoka, nenda.

Halafu mji unatubu, unasamehewa, na Yona anakasirika hadi anataka kufa. Anasema mwenyewe: nilijua tangu kwetu kwamba wewe ni mwenye huruma, ndiyo sababu nilikimbia. Huruma ndiyo iliyomkimbiza! Akatoka nje ya mji, akajijengea kibanda, akakaa humo kungoja aone kama watu watachomeka. Sikuwahi kukifundisha kibanda kile. Mtu anaweza kukaa ndani yake tangu Novemba mpaka Juni, anakwenda Misa kila Siku ya Mungu, anaongoza rozari ya shirika, na jioni anarudi kibandani. Najua hata kinavyobana magoti.

Kitabu kinaishia hapo, Mungu anamwuliza Yona swali. Jibu halikuandikwa.

Sasa wewe. Umetoa wapi neno hilo la kuchokwa? Katika Injili halimo. Petro, ambaye sikukuu yake na Paulo ni leo, alimkana Bwana mara tatu akiota moto wa makaa. Baada ya ufufuko anakuta tena moto wa makaa ufukoni, samaki juu yake, na anaulizwa mara tatu. Haulizwi kwa nini alikana. Anaulizwa kama anapenda. Na Paulo, sura ya 11 kwa Warumi, anasema Mungu amewafungia watu wote katika uasi apate kuwahurumia wote. Wote na wote, katika mstari mmoja. Kwa hiyo usijitafutie chumba chako cha pekee ambamo huruma haiingii. Hakuna. Ni kiburi pia, kujidhania wewe peke yako umemshinda Mungu.

Nimelala nikitafuta ulikolitoa. Mwaka 2002, ulipokuwa na miaka 3, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, tulikuwepo makatekista tuliowaambia watu kwamba moto ule ni fimbo, Mungu ameichoka Goma na dhambi zake. Nilisema hivyo mbele ya watoto. Lakini moto wa tarehe 17 Januari ulipita Birere ukala baa na maduka, ukala na nyumba ya bibi yako aliyekuwa haachi Misa ya asubuhi, ukala na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Ikiwa ni fimbo, basi hata altare ilichapwa. Mafundisho yale sikuyasahihisha. Watoto hukua nayo.

Na neno lenyewe, kama lilivyo, nililisikia mahali pengine. Lilisemwa pale langoni, mwezi wa kumi na moja, asubuhi, majirani wamesimama na bidoni zao za maji wanasikiliza. Aliyelisema hakuwa Mungu.

Sasa usije ukadhani huruma ni kufuta tu kama ubao wa shule. Zakayo alirudisha mara nne. Dolari 60 zako utazirudisha, tena si kwa mwenye bohari, yeye hakuula unga ule. Akina mama walioununua baadhi yao wapo hapa Birere, wanauza bugali. Tutaona namna. Mimi naweza kuanza na 20 baada ya kumaliza ukuta ninaojenga Himbi, mwenye nyumba akinilipa, maana tangu vita iingie mjini mwezi wa kwanza benki zimefungwa na kila mtu anakuambia pesa zangu zimo ndani.

Uende kuungama kabla ya Kasumbalesa. Sikukatazi kuvuka, hata ningekataza. Lakini usivuke na neno lile mfukoni. Kanisa kuu la huko Lubumbashi ni la Petro na Paulo hao hao, leo watakuwa na sherehe, mapadri watakuwepo. Hata kesho. Kama huwezi kuanza, mwambie padri umetumwa na baba yako. Na usimweleze mambo ya dada zako, ungama ya kwako.

Unakula? Yaya yako anasema kwenye picha shingo imekuwa nyembamba. Mama anauliza kama lile koti la kahawia unalo bado, amesikia Juni na Julai Lubumbashi kuna baridi kali asubuhi. Yeye hajambo, mgongo tu. Sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwani, zimepanda bei, ananunua ndoo nusu badala ya ndoo nzima, anazikausha juu ya mabati na kunituma mimi, katekista mzima, nifukuze paka. Mbuzi mwenye doa alizaa wawili, mmoja akafa. Bati la jikoni linavuja pale pale ulipoliacha ukisema utalipiga msumari kesho.

Chumba chako mama alikuwa ameweka magunia ya makaa. Jana usiku nimeyatoa, yako chini ya bati hilo linalovuja, amenung'unika sana. Kufuli la lango nililolibadilisha ile Novemba lina ufunguo wa pili, nimechongesha, ninampa yaya yako akuwekee. Ndege hakuna, uwanja umefungwa, najua huwezi kuja wiki hii wala mwezi huu. Mimi nasema tu kwamba ufunguo upo.

Ukitoka kwa padri usiandike ujumbe mrefu. Nibipu mara moja, nitakupigia mimi.

Baba yako