Barua kwa sahibu yangu wa chuoni

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Siku ile ya hitma kule Chumbageni, hapa Tanga, tulipokuwa tunanawa mikono, uliniuliza: "Mawaidha yamejaa kwenye simu, wewe bado unahangaika na vitabu vya wazee?" Watu walikuwa wengi, sikukujibu. Nakujibu hapa waziwazi, kwa kuwa wenye swali lako ni wengi.

Mimi na wewe tumeuhifadhi Ratibu wa Haddad, ule uradi wa dhikri na dua, tangu tukiwa watoto wa chuoni, madrasa ya Ngamiani. Tuliuitikia kwa sauti kubwa kabla hatujajua maana ya hata neno moja, lakini mwenyewe aliyeupanga tulimjua jina tu. Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad alizaliwa Hadhramaut, huko Yemen, mwaka 1044 Hijria, yaani 1634, akaishi mji wa Tarim. Ndui ilimpofusha akiwa mtoto mdogo. Vitabu vyake alivitamka, wengine wakaviandika. Mimi ninayetunga uzi kwenye sindano bila miwani, nilipolijua hilo niliona haya. Umri wote huu sikuwa nimefungua hata ukurasa wake mmoja.

Nikaanza na kitabu chake Risalatul-Muawana, alichokikamilisha mwaka 1069 Hijria, akiwa kijana wa miaka 25 hivi. Jina lisikutishe. Risala ni neno letu, na kuauni, yaani kusaidia, walikuwa wakisema bibi zetu. Ni risala ya kumuauni mtu. Kuna ndugu alimwomba wasia, naye akamjibu. Milango mingi ya kitabu ameifungua kwa neno "alayka", yaani ni juu yako, jilazimishe. Tena mwenyewe ameeleza kuwa anaposema hivyo anaisemeza kwanza nafsi yake, kisha yule ndugu aliyekuwa sababu ya kuandika, kisha kila Muislamu atakayesoma.

Basi na mimi nimo.

Mawaidha ya simu nayasikiliza, wallahi, na mengine yamenitoa machozi. Ila nikisikiliza huwa namfikiria mtu mwingine. Hili lingemfaa fulani, hili lingemkuta jirani yangu. Kitabu hakinipi pa kukwepea. Usiku duka limefungwa, niko peke yangu, na anayeniambia "ni juu yako" ameshajiambia yeye kabla yangu.

Mlango ulionishika ni wa nia. Anafundisha kwamba jambo la halali la kawaida, kama kula, mtu akinuia kupata nguvu ya kumtii Mwenyezi Mungu linageuka ibada, na kwamba tendo moja linaweza kubeba nia njema nyingi. Nilirudia mlango huo siku nne. Nikaiangalia cherehani yangu. Miaka mingapi nimeikanyaga kwa nia ya hela ya kodi tu? Sasa kabla ya kukata kitambaa cha kanzu nanuia: namsitiri Muislamu anayekwenda kusimama mbele ya Mola wake. Nanuia pia kulisha wanangu halali. Nikishanuia hivyo, siwezi tena kumwambia mteja "njoo Ijumaa" huku najua haitakuwa tayari. Ulimi unakataa. Wateja wawili watatu wameondoka kwa sababu nawatajia siku za mbali, na rizki haijapungua.

Na Ratibu wenyewe umebadilika kinywani mwangu. Nikifika pale pa kuomba mwisho mwema, namkumbuka kipofu wa Tarim akiomba hayo hayo, na sauti yangu inashuka yenyewe.

Najua utasema kitabu bila mwalimu ni hatari. Hapo uko sawa kabisa, na mimi Kiarabu changu ni cha kuunga. Ndiyo maana sisomi kwa ubabe. Alhamisi baada ya Magharibi tunakaa watu saba kwenye jamvi, sheikh anasoma mstari, anatafsiri, anatuuliza. Siku nyingine mistari mitatu tu inatuchukua mpaka adhana ya Isha. Nikirudi nyumbani naifungua tena ile ile, peke yangu. Vyote viwili navihitaji.

Kanzu yako nimemaliza kuitia darizi shingoni. Usimtume mtoto kuichukua. Njoo mwenyewe Alhamisi, kabla jua halijazama, tutoke pamoja dukani. Tumefika mlango wa subira.