Beshte, kabla uchukue hiyo loni ya choma

Niaje beshte yangu,

Natumai huko Doha kazi inaenda poa na mwili uko sawa. Meseji yako niliisoma nikiwa kwa matatu nikaona hii siwezi jibu na mistari miwili, acha nikuandikie barua kabisa. Umesema unataka kurudi ufungue choma base, mahali pa kuuza nyama choma, hapa Umoja, Nairobi, umeskia riba za benki zinashuka, kwa hivyo uchukue loni mapema, na unataka kujua wasee wa mtaa wanasemaje juu ya haya mabadiliko ya benki. Nitakwambia vile wanasema, na pia vile mimi naona, juu sitaki urudi na matumaini ya gazeti.

Kwanza usiku wetu umebadilika tangu utoke. Ukishuka Mtindwa saa mbili usiku utadhani ni mchana. Watu wanarudi kutoka tao wakiwa na njaa, na kila mtu amejipanga kuwangoja, chapo na madondo, smokie pasua, mutura, viazi karai, kuku wa kukaanga, viatu vya mitumba vimetandikwa chini na taa ya kuchaji, vinyozi bado wako kazini, wauza sukuma wanakata wakiongea na simu iko begani. Ukiingia ndani kule Innercore, magorofa yameshonana hadi unaskia mlio wa meza ya pool kutoka kwa jirani. Pesa karibu yote ya hiyo barabara inazunguka kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tano usiku. Baa nazo zinabanwa na ile sheria ya 2010, siku za wiki wanafaa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano, na 2022 kaunti ikasema haitaki tena klabu kwa mitaa ya watu kuishi. Kelele zilikuwa zimezidi enyewe, wazazi walikuwa wanalia watoto hawalali, mimi niliunga mkono. Lakini ujue choma base yako itafanya kazi masaa machache kwa siku, hayo ndio ya kulipa nyumba, kulipa kijana wa jiko na kulipa loni.

Sasa angalia vile pesa ya usiku inatembea ndio uelewe hasira ya watu. Dada wa chapo anahitaji unga na mafuta kabla jua litue, jamaa wa mutura anahitaji pesa alfajiri afike soko la nyama la Burma kabla nyama nzuri iishe, wa mboga yuko soko la Marikiti saa kumi usiku. Kufikia saa nne usiku pesa imerudi kwa mfuko. Yani ni mkopo wa masaa, na benki inafungua wakati hawa watu wamelala na kufunga wakati wanawasha jiko. Hapo katikati ndio simu iliingia. M-Pesa ilianza 2007, M-Shwari ya kukopa kwa simu ikafuata 2012, Fuliza ya kulipa hata kama salio halitoshi 2019, na nakwambia bila hizo nusu ya hiyo barabara ingekuwa giza. Hiyo lazima tuseme ukweli. Lakini pia tuseme bei yake. M-Shwari ilipoanza ilikuwa asilimia 7.5 ya mkopo wa siku thelathini, ukizidisha kwa mwaka mzima hiyo ni 90, na huyu dada halipi mara moja kwa mwaka, anakopa, analipa, anakopa tena, mwaka unaisha akiwa amefanyia simu kazi.

Pale kwa mutura ndio mjadala uko kila Ijumaa, na mjadala wenyewe huanza na 2016. Unakumbuka ile furaha? Rais Uhuru aliweka sahihi Agosti, sheria ikaanza Septemba, benki isikopeshe zaidi ya asilimia nne juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu, ikawa kama asilimia 14 hivi. Watu walishangilia kama Harambee Stars imefunga. Fundi wa gereji pale Moi Drive hadi leo anaitetea, anasema hiyo ndio siku pekee bunge lilisimama na mwananchi, na ilipoondolewa Novemba 2019 tuliuzwa. Naheshimu sana maoni yake juu yeye alikuwa tayari ana loni, na installment yake ilishuka akaiona na macho yake.

Lakini muulize dada wa chapo. Yeye alienda kuomba mwaka uliofuata, ako na akaunti, ako na chama cha kuweka akiba, hajawahi kosa kulipa mtu, akaambiwa alete peslip ama hesabu zilizokaguliwa. Peslip ya chapo aitoe wapi? Benki ikishaambiwa haiwezi kuchaji zaidi ya hapo inachagua nani wa kupewa, na inachagua serikali na mwalimu na mtu wa ofisi. Mwaka wa 2017 mikopo kwa watu binafsi na biashara iliongezeka kwa karibu asilimia 2 peke yake. Kuna kijana wa boda hapa amesoma uchumi, yeye husema tusiiwekee sheria makosa yote, ukuaji ulikuwa umeanza kushuka hata kabla, juu benki tatu zilikuwa zimeanguka ndani ya mwaka mmoja, Dubai Bank, Imperial na Chase, na kila benki ilikuwa imejikunyata. Nadhani ako sawa. Ila matokeo kwa barabara yetu yalikuwa ni yale yale, aliyekataliwa mchana alipata usiku, kwa apu za mkopo ama kwa shailoki, wale wakopeshaji wa mtaani.

Na hizo apu, beshte, ziliumiza watu. Ulikuwa umeshaenda wakati zilipozidi, jamaa anachelewa siku mbili anaskia mama mkwe amepigiwa simu, mwajiri amepigiwa, mchungaji amepigiwa. Nimeona mtu mzima akilia juu ya elfu mbili, sio kwa sababu ya elfu mbili, kwa sababu ya aibu. Ndio maana mageuzi ambayo mimi nayaheshimu kuliko yote ni ile sheria ya Desemba 2021 na kanuni za Machi 2022, mkopeshaji wa simu lazima awe na leseni ya Benki Kuu, na haruhusiwi kutisha watu ama kupigia simu watu walio kwa kontakti zako. Hakuna aliyeandamana kuidai, haikushangiliwa, lakini ukiuliza barabara nzima ni gani imewagusa watakwambia hiyo. Pia ile ya 2020 ya kusema mtu asiripotiwe CRB, wale wanaoweka rekodi za madeni, kwa deni lisilofika elfu moja. Fikiria, kuna watu walikuwa wanafungiwa maisha juu ya pesa ya unga.

Hustler Fund, mkopo wa serikali, nayo ilikuja mwisho wa 2022, asilimia 8 kwa mwaka, hiyo ni bei ya kibinadamu. Shida ni kwamba ilianzia shilingi 500 na ya kulipa kwa siku 14, na mia tano haikufikishi Burma. Wengine wanailipa polepole wakipandishiwa limit, wengine waliichukulia kama zawadi ya uchaguzi hawakulipa, na hao ndio wanaharibia wenzao. Hilo nalisema hadharani pale base na huwa nachukiwa.

Sasa nije kwa yako. Riba kushuka ni kweli. Benki Kuu ilikuwa imepandisha kiwango chake hadi asilimia 13 mwezi wa Februari 2024, kuanzia Agosti hiyo ikaanza kukishusha, na kufikia katikati ya 2025 kilikuwa chini ya 10. Alafu 2025 wakaleta mpango mwingine, riba ya mkopo inafuata KESONIA, ambayo ni wastani wa bei benki zinakopeshana usiku kucha, alafu juu yake benki inaongeza kitu inaitwa K. Hiyo KESONIA kila mtu anaiona kwa tovuti ya Benki Kuu, na hiyo ni hatua nzuri sana, zamani kila benki ilikuwa na mahesabu yake ya chini ya meza. Lakini hiyo K ndio mambo yote. K ni gharama za benki, faida yake, na vile wanakuona wewe una hatari kiasi gani. Na mtu wa biashara ya usiku, ya pesa kidogo kidogo, bila vitabu, bila shamba la kuweka dhamana, kwa macho ya benki ni hatari tupu, hata kama amelipa Fuliza yake kila siku ya Mungu. Kijana wa boda aliniambia KESONIA ishuke hadi sifuri, wakikupatia K kubwa umerudi pale pale. Sijapata jibu la hiyo hadi leo.

Mimi naamini shida yetu sio riba kubwa peke yake, ni kwamba hakuna aliyekaa chini akaangalia vile mtu wa usiku analipwa. Mpe mkopo anaolipa kidogo kila jioni kutoka kwa tili yake, ile namba ya M-Pesa wateja wanalipia, mwambie bei yote kwa shilingi kabla abonyeze kukubali, na hesabu ya tili yake ichukuliwe kama vile peslip ya mwalimu inachukuliwa. Hayo yakifanyika dada wa chapo atalipa hata asilimia 20 bila kulalamika, ameniambia mwenyewe.

Kwa hivyo usikope ukiwa huko. Peslip yako ya Doha itakupatia loni rahisi, alafu ukisharudi hiyo peslip haiko, umebaki na installment ya mwisho wa mwezi na biashara ya kila usiku, na mvua ya Aprili ikinyesha wiki mbili hakuna anayesimama kwa choma. Anza na akiba, hata kama jiko litakuwa dogo. Fungua tili siku ya kwanza, kila shilingi ipitie hapo, baada ya mwaka ndio uende benki na hiyo historia ukabishane nao juu ya K yako. Na akiba usiweke yote mahali pamoja, bima ya amana inalipa hadi 500,000 kwa kila mtu kwa benki moja, na hizi benki ndogo zinatakiwa kufikisha mtaji wa bilioni 10 kufikia 2029, zingine zitaungana zingine sijui.

Kuna nafasi imeachwa karibu na stage, upande wa kinyozi, mwenyewe anataka goodwill, pesa ya kuachia nafasi, na nimemwambia angoje. Niambie una kiasi gani mkononi, bila loni, nikamwone Jumamosi.

Wako wa siku zote,
beshte wako wa Umoja