Unajenga gari la porini nyumbani? Lipime kabla hujalikata

Aprili na Mei, wageni wakipungua na masika yakinyesha, ndiyo miezi ya ujenzi wa magari hapa Arusha. Pita mitaa ya Njiro, Sakina au Moshono jioni, utasikia grenda zikilia nyuma ya kuta za nyumba za watu. Mtu kanunua pikapu ya Land Cruiser iliyochoka, kaing'oa bodi ya nyuma, kaazima mashine ya kuchomelea, na sasa anajenga gari lake la porini chini ya mwembe. Kazi hiyo tunaipenda. Gereji yetu nayo ilianza hivyohivyo, uani, na jeki moja na turubai la kuzuia mvua.

Makala hii ni yenu mnaojenga nyumbani. Hatuwakatazi. Tunachotaka kuwaambia ni kwamba magari mengi yanayoletwa kwetu yakiwa yameishia njiani yana tatizo moja: mwenyewe alianza na vinavyoonekana, yaani keria la mizigo juu ya paa, bampa la chuma, tairi kubwa na snokeli (bomba la kuvutia hewa ya injini juu), suala la uzito akaliacha hadi mwisho. Uzito ndio unaoamua springi, breki, chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari lote) na hata ukubwa wa tairi, kwa hiyo ukija mwisho unakuta kazi zote nne zinarudiwa.

Tupige hesabu ya gari la kawaida la watalii. Watu wanane pamoja na dereva, kilo 75 kila mmoja, ni kilo 600. Mizigo yao, kilo 15 kila mtu, ni 120. Tenki mbili za dizeli za lita 90 zikijaa ni lita 180, na kwa kuwa lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi, hapo pana kilo 150. Ongeza lita 60 za maji na tairi mbili za akiba. Umeshafika tani moja, na bado hujaweka bampa, friji wala paa la kuinua.

Halafu linakuja keria. Vijana wengi hutumia skwea paipu ya milimita 40 kwa 40 yenye unene wa milimita 2, kwa sababu ndiyo inayopatikana kila duka la vyuma na inaonekana imara. Mita moja ya bomba hilo ina kilo 2.4. Keria likimeza mita 30, umebebesha paa kilo 72 kabla hujapandisha begi hata moja. Bomba la 25 kwa 25 lenye unene wa milimita 1.5 lina kilo 1.1 tu kwa mita, na keria lilelile linakuwa kilo 33. Likipangwa vizuri na miguu yake ikakaa juu ya mbavu za paa, linatosha kabisa kwa mizigo myepesi. Na kilo hizo karibu 40 ulizookoa zilikuwa juu kabisa ya gari, mahali ambapo kila kilo inalivuta gari lilale unapokata kona au unapopita korongo kwa ubavu.

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza hauna gharama kubwa. Kabla hujashika grenda, lipeleke gari kwenye mzani wa magari, kwa mfano wa ghala la nafaka au wa wanunuzi wa vyuma chakavu. Pima gari zima, kisha magurudumu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Andika. Halafu soma kibati cha kiwandani kinachoonyesha uzito wa mwisho unaoruhusiwa. Tofauti ya uzito wa gari zima na namba ya kibati ndiyo nafasi uliyonayo. Watu, dizeli, chuma na rangi, vyote vinatoka humo.

Kwenye springi, kosa tunalolikuta sana ni kuongeza vipande viwili vitatu kwenye springi bapa za nyuma ili gari "lisimame". Likiwa tupu linasimama vizuri, ila linakuwa gumu kama mkokoteni. Ukilipeleka kwenye ile barabara ya mawimbi kutoka Ngorongoro kuelekea Naabi, lango la Serengeti, mtikisiko wote ambao springi ilipaswa kuumeza unashuka kwenye chesisi, na shokapu nazo zinachemka hadi zinavuja. Springi inachaguliwa kwa uzito utakaobebwa siku nyingi. Siku moja ya mzigo mkubwa isikupangie springi.

Na ukiinua gari, kagua breki. Land Cruiser nyingi zina valvu ndogo karibu na ekseli ya nyuma, imeunganishwa na ekseli kwa fimbo nyembamba. Kazi yake ni kuhisi mzigo. Gari likishuka kwa uzito, valvu inaruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda nyuma. Gari likiwa juu, inapunguza ili magurudumu ya nyuma yasijifunge. Sasa umeinua gari sentimita tano kwa springi mpya na fimbo hukuigusa. Valvu inaamini gari ni tupu siku zote. Umebeba watu wanane, unateremka ukuta wa bonde la Manyara, na breki za mbele zinafanya karibu kazi yote peke yake. Kurekebisha fimbo hiyo ni kazi ya muda mfupi tu. Tafadhali usiiruke.

Sasa chesisi, na hapa naomba uvumilivu wako kwa sababu ndipo watu wanapoweza kuumia. Mteja wetu mmoja alirefusha pikapu yake nyumbani ili apate safu moja zaidi ya viti. Kwa macho, kazi ilikuwa nzuri: mshono wa kuchomelea umesuguliwa, umepigwa rangi nyeusi, unang'aa. Alitujia kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa haufungi vizuri. Tuliitoa rangi pale kwenye mshono, tukapaka mafuta ya taa, tukayaacha yaingie, tukafuta kwa kitambaa kikavu, kisha tukapaka chaki. Baada ya muda mfupi mstari mweusi mwembamba kama unywele ukajichora wenyewe kwenye chaki nyeupe. Ulianzia mwisho wa mshono na kushuka karibu nusu ya ubavu wa chesisi. Yale mafuta yalikuwa yanatoka kwenye ufa. Gari hilo lilikuwa limetoka safari siku mbili nyuma, likiwa na watoto ndani. Mwenyewe alikaa chini kwenye tairi na hakusema neno kwa muda mrefu.

Sababu zilikuwa tatu, na zote tunaziona mara kwa mara. Chesisi ilikatwa wima, mkato mmoja ulionyooka, kwa hiyo nguvu zote zinakutana kwenye mstari mmoja. Ikatwe kwa mshazari, ndani iwekwe kipande cha kuimarisha, na bamba la nje liishe kwa ncha iliyochongoka badala ya kuishia kama mlango. Pili, fundi alichomelea bamba la nje hadi kwenye kingo za juu na za chini za chesisi. Kingo hizo ndizo zinazobeba mvuto mkubwa kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo usipitishe mshono wa bamba juu yake wala usizitoboe matundu ya bolti. Tatu, mshono ulimwagiwa maji ukiwa bado mwekundu ili kazi iende haraka. Chuma kilichopozwa ghafla kinakuwa kikavu na kinapasuka. Kiache kipoe chenyewe, hata kama ni kesho yake.

Fimbo za kuchomelea namba 7018 ni nzuri kwa kazi hii, lakini zikipata unyevu faida yake inapotea. Fimbo zilizolala kwenye boksi lililofunguliwa msimu mzima wa mvua usizitumie kwenye chesisi. Na kabla ya kuchomelea chochote, toa terminali za betri na uchomoe alteneta.

Kwenye umeme nitakuwa mfupi: fyuzi ikae karibu na betri, siyo karibu na friji, na kila waya unaopita kwenye tundu la bati uvishwe mpira. Waya uliosuguliwa na bati barabara ya vumbi kwa miezi mitatu unaweza kuchoma gari zima.

Karatasi pia. Ukibadilisha injini, rangi au aina ya bodi, taarifa za kadi ya gari zirekebishwe TRA, mamlaka ya mapato. Namba ya chesisi ya Land Cruiser hizi imegongwa kwenye ubavu wa kulia mbele, karibu na gurudumu. Isipigwe grenda wala kufunikwa na rangi nzito.

Kazi nyingi unaziweza mwenyewe nyumbani, na utazifanya kwa upendo kuliko fundi wa kulipwa: kutoa na kurudisha bodi, kukwangua kutu, viti, makabati, keria, rangi, hata nyaya ukiwa mtulivu. Kurefusha chesisi, kurefusha propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli) na kuisawazisha isitetemeke ikizunguka, na kuunga bomba za breki, hizo tuletee. Ukitaka kuwepo na kutazama, karibu. Wapo wateja wanaoshika grenda pamoja nasi.

Ushauri wa kabla ya kukata hatuutozi. Njoo na karatasi ya mzani, kadi ya gari, na orodha ya unachotaka kubeba, watu na vitu. Kama umeshakata, njoo hivyohivyo, ila usiiondoe rangi ya mshono mwenyewe. Tutaitoa pamoja, chaki tunayo.