Barua kwa Mwanangu: Theluji ya Rebmann

Kongowea, Mombasa

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Sisi hapa nyumbani tu wazima, na nyanya yako anakuulizia kila uchao. Tangu ulipotuambia, siku ya Pasaka, kwamba hutakwenda tena kanisani kwa kuwa imani ni ya watu wanaoogopa kufikiri, nimelitafakari sana neno lako, wala sikulichukia, maana nilisikia ndani yake mtu anayeitafuta kweli.

Mwaka 2023, kule Shakahola katika Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao wengi wao waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Sikuthubutu kuwahukumu. Ulipokuwa na miaka minne ulishikwa na malaria, na katika kikundi cha maombi nilichohudhuria wakati huo niliambiwa kwamba kukupa dawa ni kumtilia Mungu shaka. Niliificha ile chupa ya dawa nyuma ya mtungi, nikakukanda usiku kucha kwa kitambaa cha maji huku meno yako yakigongana na midomo ikipasuka kwa joto, hadi alfajiri ulipoita "maji" kwa sauti ambayo sikuitambua. Ndipo nikakubeba mbio hadi zahanati. Sijawahi kukusimulia habari hii, nami nakuomba msamaha. Tangu siku ile nimeamini kwamba Bwana, alipotuamuru tumpende Mungu kwa akili zetu zote, hakuitaja akili kwa bahati mbaya, na kwamba muuguzi aliyekuchoma kidole akakagua damu yako alikuwa akiifanya kazi ya Mungu.

Lakini akili nayo ina kiburi chake. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyeishi hapa karibu, Rabai, aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na weupe kileleni. Kiongozi wa msafara alimwambia kuwa weupe ule ni "baridi", naye akatambua kwamba ni theluji, aliyoijua tangu utotoni kwao Ujerumani. Habari hiyo ilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, aliipinga kwa miaka mingi, hata baada ya safari za msafiri Mjerumani Karl Klaus von der Decken mlimani humo, za mwaka 1861 na 1862, kuithibitisha. Cooley hakuwa mjinga. Alikuwa amesoma sana. Kosa lake ni kuamua mapema lipi linawezekana, kisha kumfungia shahidi mlango. Unaponiambia kwamba Yesu hakufufuka kwa sababu wafu hawafufuki, naisikia sauti ile ile. Wale wanawake waliokwenda kaburini nao walijua vizuri kwamba wafu hawafufuki, ndiyo maana walibeba manukato. Sikuombi umwamini kila anayedai ameona, kwani Shakahola inatosha kutuonya. Nakuomba umchunguze shahidi, ujue ni mtu wa namna gani na ushuhuda wake ulimletea faida gani au hasara gani.

Kila jioni nikishuka kwenye matatu pale Kengeleni huitazama kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Waliowauza watu wale walizijua hesabu na pepo za bahari kuliko mimi na wewe, na elimu hiyo haikuwazuia. Nami usiku ule nilijua wazi kwamba dawa inaponya; kilichonifunga mikono ni kuogopa wenzangu wasije wakaniita asiye na imani. Macho yale ya watu sasa yamehamia kwenye simu, na ninakuhofia, kwa sababu huko nako yapo mambo ambayo kijana huogopa kuyasema asije akachekwa, na sijui kama Pasaka ulikuwa ukitueleza unachofikiri au wanachofikiri wenzako.

Ukija likizo ya Agosti twende Rabai, nyumba ya Rebmann bado ipo. Njoo na maswali yako yote, hata lile la mateso ya watoto, ulilolikatiza baba yako alipoingia. Alikuwa amelisikia lote akiwa mlangoni. Ameliandika kwenye karatasi, na karatasi hiyo imo ndani ya Biblia yake hadi leo.

Ni mimi mama yako akupendaye.